Sura ya Tisa: Kurasa Mbili, Mbuzi Watatu

"Kitu ikishawekwa mahali yake, ikae," Kisilu alisema bila kugeuka. "Wewe unataka vitu zitembee kwa skrini kama kuku za babako."

Mukai alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mkoba begani, macho yametua kwenye shingo ya Kisilu pale nywele zinapoishia. Alikuwa na hasira naye, na bado alitamani kuweka midomo yake pale shingoni. Mapenzi ndivyo yalivyo, hayangoji ugomvi uishe.

"Sijasema zitembee. Nimesema moja ikikua, ingine ipishe."

"Ipishe iende wapi?"

"Chini. Pembeni. Popote kuna nafasi."

"Popote!" Kisilu akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mukai, mimi sifanyi kazi ya popote."

Ilikuwa Ijumaa alasiri, katika duka la Kisilu pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Malori ya saruji yalipita na kuacha vumbi lililoingia hadi ndani ya kibodi. Ukutani zilibandikwa kadi za harusi za watu wengine, maana kabla ya kuigusa intaneti Kisilu alikuwa mtu wa kuchapisha: kadi za harusi, kalenda za makanisa, programu za mazishi. Katika kazi hiyo, picha ya marehemu ukishaiweka katikati inabaki katikati hadi karatasi ioze. Mukai alikuja dukani mwaka uliopita, mwaka wa 2005, akitokea chuo cha kompyuta Nairobi, kuomba kazi. Aliipata kazi, akampata na mwenyewe.

Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa ukurasa wa intaneti wa Chama cha Wafuga Kuku wa Isinya. Mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Mzee Mbaluka, babake Mukai, mtu asiyependa vijana wanaofanya kazi wakiwa wameketi. Kisilu alipotuma mjomba wake, Musila, kwenda kuomba msichana, mzee alimsikiliza hadi mwisho kisha akajibu: "Huyu kijana wenu mnasema anafanya kazi ya kompyuta. Mimi kazi sijaona, nimeona tu kiti. Atengenezee chama ukurasa, alete Jumamosi, kamati ione. Nikiona kazi, mbuzi zitashuka."

Mbuzi aliowataja ni mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipofikishwa kwa wazazi na kupokelewa, msichana hajaolewa, hata akiishi kwa mwanamume na kumzalia watoto wa kujaza darasa. Kisilu alikuwa ameshawanunua watatu katika soko la Kajiado, wazuri, wenye manyoya yanayong'aa. Walikuwa wakila majani nyuma ya nyumba ya Musila, wakingoja ukurasa.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Ukurasa wa intaneti ni visanduku: kimoja cha picha, kimoja cha maneno, kimoja cha bidhaa. Kisilu alitumia njia inayoitwa absolute. Anapima kwanza kwa rula kwenye karatasi ya miraba, kisha anakiamuru kila kisanduku: wewe kaa hapa, umbali huu kutoka juu na umbali huu kutoka kushoto, na jirani yako akinenepa shauri yake. Mukai alitaka float. Kwa njia hiyo, kisanduku kinaambiwa tu kiegemee kushoto au kulia, na vingine vinajipanga kukizunguka. Maneno yakiongezeka, kilicho chini kinasogea chini zaidi. Ukurasa wa Kisilu ulipendeza kama kadi ya harusi. Njia ya Mukai ilikuwa na visirani vyake, leo kisanduku kimeporomoka, kesho kimekataa kukaa na mwenzake, na ilitaka kubembelezwa.

"Baba hasomi maandishi ndogo," Mukai alisema. "Kompyuta ya chama iko kwa sebule yetu, namuona kila siku. Akikaa tu, anakuza maandishi mpaka mwisho. Ukikuza hii yako, maneno yatatoka kwa sanduku moja yaingie kwa ingine."

"Si avae miwani."

"Anavaa. Na bado anakuza."

"Basi kesho asikuze. Ni siku moja tu."

"Umewahi kumwambia Mzee Mbaluka asifanye kitu, akaacha?"

Kisilu alisogeza kisanduku cha mayai upande wa kulia, kidogo sana, akarudi nyuma kutazama, akaridhika. Mukai alizipenda sana zile dakika za Kisilu kutazama kitu na kuridhika. Ndizo zilizomfanya ampende tangu mwanzo, alipomwona akipanga jina la bibi harusi asiyemjua kwa upole kana kwamba anamvisha pete yeye mwenyewe.

"Na huku chini?" akauliza kwa sauti ya kubembeleza.

"Chini ya nini?"

"Chini ya kila kitu. Nilitaka tuweke majina zetu. Imetengenezwa na fulani na fulani. Kwa hii yako siwezi, sijui maneno yataishia wapi. Baba akiongeza mistari mbili, majina zinafunikwa."

"Wacha majina. Watu wanatafuta kuku, hawatutafuti sisi."

Alisema hivyo kwa haraka, bila nia mbaya, akiwa anatazama mayai yake. Lakini neno hilo lilimchoma Mukai. Kisilu aligeuza kiti hatimaye.

"Nikuambie ubaya ya float yako? Kwa yangu, ukitoa kitu, nafasi yake inabaki. Mtu anaona kabisa hapa palikuwa na kitu. Kwa yako ukitoa kitu, wenzake wanasonga, wanajaza. Ni kama haikuwahi kuwa hapo. Mimi siwezi kupenda kazi kama hiyo."

"Lakini inafanya kazi, Kisilu."

"Kwani yangu haifanyi?"

Mkono wa Mukai ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika flashi ya kompyuta. Ndani ya flashi hiyo mlikuwa na ukurasa uleule wa kuku, picha zilezile, rangi zilezile za Kisilu, lakini umepangwa kwa float tangu juu hadi chini. Aliutengeneza kidogo kidogo kila Kisilu alipotoka kupelekea wateja kadi zao. Na huko chini kabisa, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika: Imetengenezwa na Kisilu na Mukai Kyule. Kyule ni jina la babake Kisilu. Mukai alikuwa amelijaribu jina hilo kama mtu anayejaribu viatu dukani, akaona linamtosha, akaliacha palepale.

"Kama ungekuwa na ingine," alianza, "yenye imepangwa vile nasema, ungeiangalia tu? Kidogo tu?"

Macho ya Kisilu yakawa baridi.

"Siku nitahitaji mwanamke anirekebishie kazi, nitafunga hii duka nirudi kwa mama."

Flashi ikabaki mkobani. Laiti angeitoa! Lakini mtu akishapigwa mlango usoni, mkono wa kubisha tena huwa mzito. Kisilu mwenyewe aliona amezidisha. Akainuka, akamshika shavu kwa kiganja kilichonukia wino.

"Mukai. Kesho saa hizi utakuwa bibi yangu. Si ndiyo tunataka? Niamini basi."

"Nakuamini," Mukai akasema.

Nawe unajua kilichokuwa mkobani.

* * *

Sebule ya Mzee Mbaluka kule Isinya ilikuwa na viti vingi, kila kiti na kitambaa chake cha kushonwa kwa mkono. Kompyuta ya chama nayo ilivalishwa kitambaa chake, cheupe chenye maua ya waridi, kazi ya Mama Mukai, ambaye alikiondoa siku hiyo kwa heshima kana kwamba anamfunua bibi harusi. Kamati ilikuwa imejaa sofa. Karibu na dirisha aliketi Tajeu, jirani Mmaasai aliyeacha ng'ombe wengi akafuga kuku wengi zaidi, na ambaye alicheka kwa urahisi kuliko wote.

"Supa!" aliwasalimu wageni kwa Kimaasai.

"Ipa," Musila akaitikia, akaketi. Nje ya lango pikapu yake ilikuwa imeegeshwa, na mbuzi watatu walilalamika humo nyuma kwa jua. Hawakuwa wameshushwa. Mbuzi wa namna ile hashuki mpaka mwenye boma aseme.

Kisilu alivaa suti yake ya pekee. Aliingiza sidii kwenye kompyuta, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka.

Ulikuwa mzuri, jamani. Juu kulikuwa na jina la chama kwa herufi za kijani. Upande wa kushoto, Mzee Mbaluka mwenyewe, ndani ya koti lake la kanisani, akitazama mbali. Kulia, kuku watatu weupe kwenye nyasi. Katikati, mayai yamepangwa vizuri kuliko yalivyowahi kupangwa na kuku yeyote. Kila kitu kilitulia mahali pake.

"Ai! Huyu si wewe?" Tajeu akamwambia mwenyekiti. "Umekuwa mtu wa maana!"

Wakacheka kwa furaha. Mama Mukai alisimama mlangoni akifuta mikono kwa leso, na Mukai, aliyekuwa kando yake, aliona mabega ya Kisilu yakishuka taratibu kwa kupumua. Kisilu akamtafuta kwa macho, akampata. Yale macho yalisema, si nilikuambia? Na Mukai akayajibu kwa macho yake, ndiyo mpenzi wangu, uliniambia. Kwa muda ule mfupi aliomba Mungu amfanye yeye ndiye aliyekosea.

Mzee Mbaluka aliketi mbele ya skrini. Akavaa miwani. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Sioni," alisema.

"Mzee, labda ukisogea karibu kidogo," Kisilu akasema.

"Nisogee karibu, na hawa wenzangu wako kwa sofa? Kuza maandishi."

"Imepangwa iangaliwe hivyo, Mzee."

"Kijana, mimi nikinunua shati ndefu nakunja mkono. Kuza."

Kisilu alikuza. Alikuza hadi mwisho, kama mzee alivyozoea, na alikuza bila woga, maana hakuwa ameamini hata mara moja maneno ya Mukai. Herufi zilinenepa. Visanduku vilibaki palepale vilipoamriwa kukaa. Maneno ya kisanduku cha juu yakakosa pa kwenda, yakamwagika juu ya mayai. Maneno ya mayai yakapanda juu ya kuku. Na tangazo dogo la bidhaa, lililokuwa limeketi kwa adabu juu ya picha ya mwenyekiti, likavimba, likashuka, likamfunika paji la uso lote kwa herufi nene:

MBOLEA YA KUKU INAPATIKANA.

Wa kwanza kucheka alikuwa Tajeu. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akaishia kujifuta machozi. Kisha sofa nzima ikafuata.

"Mwenyekiti! Kumbe ndiyo wewe unaitoa?"

"Inapatikana!" mwingine akapaza sauti. "Bei gani kwa gunia?"

Mzee Mbaluka peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya kilichoandikwa usoni pake.

"Ndiyo hii kazi?" aliuliza.

"Mzee, nikirudisha maandishi kama ilivyokuwa..."

"Nimeuliza, ndiyo hii kazi?"

Shingo ya Kisilu, ile shingo, ilikuwa imelowa jasho. Alipunguza maandishi, ukurasa ukarudi ulivyokuwa, lakini nani angeusahau sasa? Mzee akaanza kuinuka kitini. Mukai aliona wazi kinachofuata: baba angeinuka, angewashukuru wageni kwa safari, pikapu ingegeuka na mbuzi wake. Alikuwa nayo dawa mkobani. Akiitoa, atamwokoa Kisilu na kumwaibisha kwa mkono uleule. Asipoitoa, basi tena. Hakuwa na muda wa kufikiri vizuri, na ukweli ni kwamba hata angekuwa nao angefanya vilevile.

"Baba, ngoja," alisema. "Kuna ingine."

Alipita katikati ya viti, akainama mbele ya kompyuta, akachomeka flashi. Hakumtazama Kisilu. Ukurasa wa pili ulifunguka kwa rangi zilezile na picha zilezile. Akakuza maandishi mwenyewe, hadi mwisho. Herufi zikanenepa, na kila kisanduku kikampisha mwenzake: picha ya mzee ikabaki safi kushoto, maneno yakaizunguka, mayai yakashuka chini kidogo, mbolea ikasogea pembeni ikakaa peke yake kama inavyostahili.

Na hapo Mukai akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lilimtoka lenyewe, la mtu aliyebembeleza kitu kikaidi kikakubali. Lilikuwa limeshatoka alipoligundua.

"Hii sasa inapumua," Tajeu akasema.

"Sasa naona," Mzee Mbaluka akasema. Alisoma mistari ya kwanza kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. Kisha akageuka. "Hii ya pili imetengenezwa na nani?"

Mukai alifungua mdomo. Alitaka kusema, ni yetu sisi wawili. Na ilikuwa kweli: rangi, picha, ule upole wa kupanga, vyote vilikuwa vya Kisilu. Lakini Kisilu alimtangulia.

"Ni yake, Mzee. Mimi hata sikujua iko."

"Mzee," Musila akaingilia upesi, akitabasamu kwa meno yote, "chakula ni chakula. Kama kimeiva, mpishi ni nani tunamuuliza ya nini? Hawa ni watu wa nyumba moja."

Mzee Mbaluka alimtazama Kisilu kwa muda, kisha binti yake, kisha skrini. Na ambacho hakuna aliyekitarajia kikatokea.

"Mimi nilisema niletewe kazi," alisema. "Kazi imeletwa. Sina maneno mengi. Musila, shusha mbuzi."

Mama Mukai alipiga kigelegele pale mlangoni. Mzee akainua mkono, kwa kuwa hakuwa amemaliza.

"Afadhali hiyo nyumba itakuwa na mtu mmoja anajua kazi. Huyu mwingine atashika mtoto!"

Sofa ikaangua kicheko tena. Huenda mzee alitania tu. Ndivyo alivyojua kuonyesha kwamba ameridhika. Lakini utani ni mtamu kwa anayeutoa. Kisilu alitoa sidii yake kwenye kompyuta, akairudisha kwenye kifuko chake, akafunga kifungo cha suti.

"Asante, Mzee," alisema. "Lakini mbuzi hazishuki."

* * *

Mukai alimfikia langoni. Upepo wa Isinya ulikuwa ukivuma kutoka kwenye plot tupu, ukipeperusha sketi yake na kuleta harufu ya vibanda vya kuku. Musila alikuwa nyuma ya pikapu, kamba moja imeshafunguliwa, hajui aendelee kufungua au afunge.

"Kisilu! Umesikia amekubali? Amekubali!"

"Amekukubali wewe. Mimi ameniwekea mtoto kwa mkono."

"Ni mzaha. Baba ni mtu wa mzaha, unamjua."

"Namjua. Nimemjua leo." Alisimama, lakini hakugeuka vizuri. "Ulikuja umejiandaa nianguke."

"Nilikuja nimejiandaa usianguke!"

"Ni kitu gani tofauti?"

Mukai hakuamini masikio yake. "Kisilu, nilikuambia. Jana, kwa duka. Nilikuambia Baba anakuza maandishi. Ukaniambia avae miwani."

"Ungeniambia uko na ingine kwa mkoba."

"Nilijaribu! Ukaniambia utarudi kwa mama yako!"

"Ungejaribu tena."

"Mara ngapi? Niambie. Mwanamke akisema kitu kwako anafaa aseme mara ngapi ndiyo isikike?"

Hapo Kisilu alikuwa ameshikwa. Alitazama mikono yake. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyomtisha Mukai. Hasira yake aliizoea.

"Wacha niseme nimekosa. Nimekosa, Mukai. Kiburi yangu ndiyo imenifanya. Hiyo nakubali. Lakini ile page yako ikifunguka, mimi nimesimama hapo mbele ya wazee kama mwizi wa kuku, wewe ulicheka."

"Sikucheka!"

"Ulitabasamu."

Mukai alitaka kukana. Alitafuta neno la kukania na hakulipata, kwa sababu alikuwa ametabasamu, na mtu wa pekee katika sebule ile aliyekuwa akimtazama yeye badala ya skrini alikuwa Kisilu.

"Nilifurahi tu imefanya kazi," alisema.

"Najua. Hiyo ndiyo inaniuma. Ulikuwa na furaha kabisa, na mimi sikuwa ndani yake."

Machozi yakamjaa Mukai. Akakaribia, akamshika mkono wa suti, akashika kitambaa tu.

"Shusha mbuzi, Kisilu. Nakuomba. Tutagombana tukiwa kwetu. Tutagombana mwaka mzima ukitaka, lakini tukiwa kwetu."

Ndipo Kisilu akamtazama. Alimtazama usoni kwa namna alivyotazama kazi yake siku zote, akirudi nyuma kidogo, na Mukai akaona macho yale yakilainika. Musila naye aliona. Taratibu, bila kusema neno, mjomba akaanza kuifungua kamba ya pili.

Kule ndani Tajeu akasema kitu kwa sauti kubwa, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Pengine walikuwa wakicheka jambo jingine kabisa. Wazee wana mengi ya kucheka. Lakini Mukai aliona lile dirisha lililokuwa limefunguka usoni pa Kisilu likifungwa.

Akautoa mkono wa Mukai kwenye suti yake, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole uleule wa kupanga majina ya maharusi.

"Funga hiyo kamba, mjomba," alisema. "Twende."

"Kisilu, mwanangu, hebu fikiria..."

"Twende."

"Ukienda na hizo mbuzi," Mukai alisema, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imekauka, "usizirudishe. Mimi siwezi kusimama hapa kwa lango nikikuomba mara mbili."

"Ndiyo hivyo basi," Kisilu akajibu. "Hata wewe huwezi kujaribu tena."

Pikapu iliondoka. Mbuzi walimtazama Mukai kutoka nyuma hadi vumbi lilipowafunika, kisha zikabaki sauti zao, kisha hata hizo zikapotelea upande wa Kitengela. Alisimama hapo muda mrefu. Alikuwa na haki, na Kisilu alikuwa na haki, na haki zote mbili hazikumfaa mtu.

Aliporudi ndani, kamati ilikuwa imeshatawanyika kwenda kula. Kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa ajili ya wakwe alikuwa akiliwa na majirani. Mzee Mbaluka peke yake alibaki mbele ya kompyuta, akiusoma ukurasa wote, mstari kwa mstari, kwa raha ya mtu aliyepata kitu chake. Hakuuliza wageni wako wapi. Alikuwa ameisikia pikapu.

"Mukai, kuja hapa," aliita bila kugeuka. "Huku chini kabisa kuna kitu imeandikwa. Imetengenezwa na Kisilu na Mukai Kyule." Kidole chake kilikuwa juu ya skrini, chini ya herufi hizo zilizokuzwa hadi mwisho. "Huyu Mukai Kyule ni nani?"

Mukai alitazama jina lile. Lilikuwa kubwa sasa. Hakuwahi kuliona likiwa kubwa namna hiyo.

"Hakuna mtu kama huyo, Baba," alisema. "Ni makosa. Nitaitoa."

Mzee alimtazama binti yake usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani wowote. Alikohoa. Akainuka, akampisha kiti, akaenda kula.

Mukai aliketi. Akautafuta mstari ule, akaufuta, akafungua ukurasa upya. Kama ingekuwa kazi ya Kisilu, nafasi ingebaki wazi palepale, na mtu angejua kwamba hapo palikuwa na kitu. Lakini hii ilikuwa kazi yake mwenyewe. Ukurasa ulipanda kidogo, ukajifunga chini ya mayai, na haukuonyesha pengo lolote.